Sefti ya Bunduki Yako Inashika Nini?

Mwulize mwindaji kama bunduki yake iko salama, atakujibu, "Nimeweka sefti," yaani swichi ya kuzuia isifyatuke. Mimi huongeza swali: hiyo sefti inashika nini? Hapo wengi hunyamaza.

Kwenye bunduki ya komeo, ile unayoipakia kwa kuvuta na kusukuma chuma chenye mkono, ukishafunga komeo hilo juu ya risasi, nyuma ya sindano inayoigonga risasi kuna springi iliyobanwa, inasubiri. Kinachoizuia ni kijino kidogo cha chuma. Ukivuta triga, kijino kinateremka, sindano inaruka.

Sefti nyingi hushika triga au hicho kijino, basi. Sindano haijaguswa. Kijino kikilika, au mtu aliyejifanya fundi akikisugua ili triga iwe laini, swichi inaweza kuwa mahali pake na mlio ukasikika vilevile.

Ndiyo maana bado naihusudu Mauser ya 1898, bunduki ya Kijerumani. Mkiani mwa komeo ina bawa dogo. Likilala kushoto, unafyatua. Likisimama, linaikamata sindano yenyewe na kuirudisha nyuma kidogo, iachane na kijino, na komeo bado linafunguka, kwa hiyo unatoa risasi sefti ikiwa imewekwa. Tena limekusimamia mbele ya jicho, huwezi kulenga ukalisahau. Likilala kulia, na komeo limefungwa. Ubaya wake, ukifunga darubini ya kulengea karibu na komeo, bawa halina pa kupita. Bunduki ya Kimarekani, Winchester Model 70 ya 1936, iliondoa tabu hiyo kwa swichi inayozunguka kwa ulalo, hatua zikiwa tatu vilevile.

Sasa linganisha na bunduki za Remington 700 zilizotengenezwa kabla ya 1982. Sefti yake ilifunga komeo pia, kwa hiyo ili utoe risasi ilibidi kwanza uiondoe sefti. Yaani unapotaka kuituliza bunduki ndipo unaiamsha! Sijawahi kuelewa nani alilipitisha hilo.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na bunduki ya komeo, Brno ZKK 602 ya risasi nene za .375, imechubuka kitako. Siku aliyonipa nyati wangu wa kwanza, nilisukuma sefti mbele kwa mazoea, nikalenga, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Nyati akatutazama, akageuka, akaingia kichakani. Mzee hakukasirika. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hii mbele ndiyo salama. Kufyatua ni nyuma." Bunduki hizo za zamani ziko kinyume na nyingine, nami sikuuliza.

Tangu hapo, nikipewa bunduki ya mtu nafungua komeo, natia kidole chemba, pale risasi inapokaa, halafu naichezesha sefti ikiwa tupu mpaka kidole gumba kiijue. Na nikitembea nyuma ya watu kufuata swala, chemba yangu haina kitu. Wenzangu husema nitachelewa. Kwa nyati aliyejeruhiwa nawakubalia, huyo hangoji. Lakini swala? Akikimbia, kesho yupo.