Mtaala wa shule spesheli: mtoto atajua kutunga ushanga, alafu?

Wakati Kenya inaleta CBC, mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya 8-4-4, watu wengi walikuwa bize kuuliza gredi 9 itasomea wapi, na kuna sehemu moja ya ule mtaala haikuzungumziwa sana. Ni ile njia ya watoto wenye ulemavu wa akili, wenye usonji mkali na wenye ulemavu zaidi ya mmoja. Hawa hawapandi gredi kwa umri, wanaenda kwa hatua: ya msingi, ya kati, ya kabla ya ufundi, alafu ya ufundi yenyewe. Mtoto anatoka hatua moja akishaweza vitu vya hatua hiyo, si kwa sababu mwaka umeisha. (Mtoto kiziwi au asiyeona ambaye hana shida ya kuelewa masomo anafuata mtaala wa kawaida uliorekebishwa, kwa hivyo huyo si wa mjadala huu.)

Naunga mkono hiyo njia kabisa. Kuna watu wazima leo walikaa kwa yuniti, lile darasa maalum ndani ya shule ya kawaida, wakinakili herufi zile zile mpaka wakaota ndevu, na walipotoka hawakuwa wanajua kusoma wala kujiogesha. Kwa hivyo mwalimu akisema muhula huu mzima tunafanya kuvaa shati, kufunga vifungo na kwenda choo bila kusaidiwa, mzazi asione ni kupoteza wakati. Kijana wa miaka 20 anayejiosha mwenyewe anaweza kuachwa kwa shangazi siku mbili mama yake aende matanga, na asiyejiosha, mama haendi popote. Haya ndo maisha ya utu uzima kwanza, kabla hata hatujafika kwa kazi.

Lakini wanaopinga nao wana hoja nzito, na sipendi vile wakati mwingine tunawajibu ati ni wazazi hawajakubali hali ya mtoto. Wanauliza hivi, mtoto amepelekwa kituo cha tathmini akiwa na miaka 6 au 7, siku hiyo pengine alikuwa na homa au aliogopa sura ngeni akanyamaza, anaandikiwa njia ya hatua, je, ni nani anarudi kumwangalia tena? Akishaingia huko vitabu vinapungua, na wenzake wakifanya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya 6, yeye anafanya KILEA, tathmini ya hatua ya kati. Kupunguza vitabu ni rahisi, kuvirudisha ndo kazi. Alafu wanauliza mbona ufundi wenyewe ni ule ule kila mahali, ushanga, vikapu, sabuni, mkeka wa mlangoni, na vitu vyenyewe vinanunuliwa na wageni siku ya wazazi, kwa huruma.

Hapo kwa vitabu nawapa haki yao. Tumezoea kuongea kama kusoma ni masomo na kupika ni stadi za maisha, na huo mgawanyiko umepitwa na wakati. Fikiria M-Pesa tu. Kijana ameuza mayai, mteja anasema ameshatuma pesa, simu imelia. Bila kutambua jina, kiasi na salio kwenye ile meseji, yeyote akimwambia pesa imeingia atakubali, na matapeli wanajua hilo. PIN ni tarakimu 4, anaweza kuikariri vizuri sana, lakini amefundishwa kwamba hata binamu haambiwi? Kwa hivyo kusoma kubaki, ila asome vitu vya maisha yake: meseji ya pesa, jina la stage kwa matatu, neno hatari kwa chupa ya dawa ya panya. Si lazima amalize hadithi ya sungura na fisi.

Ningependa wanaotunga hizi disaini za mtaala wakae kidogo darasani wakati wa somo la pesa. Utakuta noti za kufundishia ni za fotokopi, nyeusi na nyeupe, zimekatwa kwa makasi. Huyu mtoto hasomi tarakimu bado, lakini mia anaijua kwa ile rangi ya zambarau na elfu kwa hudhurungi. Umemtolea rangi, umemnyang'anya kitu pekee alichokuwa anajua, alafu kwa ripoti unaandika hajaweza. Mpe mia ya kweli, mpeleke kioski iliyo nje ya geti, anunue mkate na arudishe chenji, na hapo ndo umpime. Ndo maana nasema mtaala wa hawa watoto uanzie mwisho, yaani tuangalie hapa kijijini au mtaani mtu mzima anaishi vipi, anafanya nini asubuhi, anapanda nini, anaongea na nani, tukishajua hivo ndo turudi nyuma tupange darasa. Shule iliyo Kitui na ile ya Eastlands hazifai kuwa na ufundi sawa.

Kuna jambo lingine shule nyingi zinaliruka kwa aibu, nalo ni mwili. Msichana anapata hedhi na hakuna aliyemwandaa, mvulana anabalehe anajishika mbele za watu anachapwa. Wenye hofu wanasema ukiwafundisha utawaamsha. Naielewa hofu yao lakini siikubali hata kidogo, mtoto asiyejua majina ya sehemu zake za mwili hawezi kumwambia mtu amefanyiwa nini, na hawa ndo wanaolengwa zaidi kwa sababu hawasemi. Kukataa mkono wa mtu ni stadi ya kufundishwa kila wiki, kuanzia hatua ya msingi.

Na baada ya hatua ya ufundi? Katiba ya 2010 kifungu cha 54 inataka angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu, ila sioni zikimfikia mwenye ulemavu wa akili. Uingereza wanaanza kupanga utu uzima wa mtoto kama huyu akiwa na miaka 13 au 14, kazi, makao, marafiki na afya, na mpango unaweza kuendelea mpaka 25. Hatuna pesa zao, sawa, lakini kikao hakihitaji pesa nyingi. Mtoto akifika 14, IEP yake, yaani mpango wa masomo wa mtoto binafsi, isijazwe na mwalimu peke yake ofisini, aitwe mzazi, mtoto mwenyewe, mtu wa chuo cha ufundi kilicho karibu na mfanyabiashara mmoja wa hapo sokoni. Mwaka wa mwisho aende kazi ya kweli siku mbili kwa wiki, mwalimu akimfuata huko, na kitambulisho kiombwe akigonga 18 akiwa bado shuleni, manake bila hicho hata laini ya simu hasajili kwa jina lake.