Tiba ya kiwewe na alama za jeni: dai linalotuhusu Kigoma

Siku hizi linasikika dai kwamba aliyepata kiwewe akipewa tiba ya kisaikolojia, hata alama zilizo juu ya jeni zake hubadilika. Mkoa wetu una kambi ya Nyarugusu tangu 1996, ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, na wa Burundi. Dai hili basi linatuhusu.

Jeni zenyewe hazibadiliki. Kinachobadilika ni vijialama vya kikemikali, methili, vinavyojishikiza kwenye DNA na kuifanya jeni fulani ifanye kazi zaidi au kidogo. Watafiti wa kiwewe wamezitazama sana jeni mbili, NR3C1 na FKBP5, kwa kuwa zinahusika na namna mwili unavyoipokea kortisoli, homoni ya msongo.

Mwaka 2013 Rachel Yehuda na wenzake huko Marekani walipima damu ya wanajeshi wa zamani 16, kabla na baada ya tiba ya kulikabili tukio kwa kulisimulia tena na tena. Kwa waliopata nafuu, methili za FKBP5 zilipungua. Za NR3C1 hazikusogea, ila kiwango chake cha awali kilidokeza nani angepona.

Karibu zaidi na kwetu, mashariki mwa Kongo, watafiti walipima methili za wanawake waliowahi kuwa askari watoto, waliopewa tiba ya masimulizi. Katika tiba hiyo kamba hutandazwa chini, iwe ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka ua pale palipokuwa na heri, na jiwe pale palipokuumiza. Halafu, kikao baada ya kikao, wewe na mshauri mnapita jiwe kwa jiwe: ulisikia nini, ulinusa nini, mwili ulifanyaje. Walioijaribu mapema ni wakimbizi wa Sudan waliokuwa Uganda. Na kwa hao wanawake wa Kongo yalionekana mabadiliko kwenye baadhi ya methili, japo yalikuwa kwenye jeni nyingine, si FKBP5.

Upande wa pili una hoja nzito, na mimi naziheshimu. Watu 16 ni wachache mno. Kilichopimwa ni damu, au mate kwa wale wa Kongo, na ugonjwa uko kwenye ubongo. Isitoshe, mchanganyiko wa chembe za damu hubadilika mtu akiugua, na hapa Kigoma malaria haituachi. Methili zikisogea, utajuaje kilichozisogeza? Hata ikithibitika zilisogea kwa sababu ya nafuu, bado hatujui kama ndizo zilizoleta nafuu au zimeifuata tu.

Kwa hiyo anayesema tiba "hufuta kiwewe kwenye jeni" amevuka ushahidi. Tiba hizi zilishaonyesha kwamba zinasaidia kabla ya mtu yeyote kupima methili. Mama aliyeacha kushtuka usiku hahitaji cheti cha maabara.

Hata hivyo utafiti huu una kazi moja ninayoithamini mno. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa wanawake wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, na watoto wao: methili za NR3C1 zilitofautiana na za wenzao ambao hawakuyapitia. Habari kama hiyo ikifika mtaani inageuka haraka kuwa "watoto wa wakimbizi wamezaliwa na kasoro". Ni unyanyapaa mbaya, na unaumiza watoto wanaosoma na wetu. Alama zinazoweza kusogea ukubwani zinalipinga wazo hilo, hata kama hatujajua ni kiasi gani zinasogea.

Timu ikija Nyarugusu kuchukua mate au damu, ningetaka ikubali mambo mawili kabla ya kufungua boksi la vifaa. Waliowekwa kundi la kulinganishia nao wapewe tiba utafiti ukiisha, tena kamili. Na majibu yarudishwe kambini kwa Kiswahili na Kirundi, yakieleza waziwazi kwamba hakuna aliyezaliwa ameharibika.