Fundi asiye na hati ya mshahara alipwe kiasi gani?

Fundi wa ujenzi nchini Kenya akigongwa na gari na kuvunjika mguu, mvutano mkali mahakamani mara nyingi huwa juu ya kiasi alichokuwa akipata kwa mwezi. Mapato aliyoyakosa kabla ya hukumu ni hasara maalumu, yaani hasara inayohesabika kwa kiasi kamili, ambayo sharti itajwe waziwazi katika hati ya madai na kuthibitishwa barabara. Kupungua kwa uwezo wake wa kuchuma riziki baadaye, kwa mujibu wa kesi ya Butler dhidi ya Butler, huingia katika fidia ya jumla, ambako hakimu ana uhuru mpana zaidi wa kukadiria.

Tuseme fundi ana miaka 35, ulemavu wake wa kudumu ni asilimia 40, na hakimu amekadiria miaka 15 ya kazi badala ya 25 iliyosalia hadi afikishe 60, kwa kuwa fedha hizo hulipwa kwa mkupuo na maisha hayana uhakika. Akikubaliwa kuwa alipata shilingi 20,000 kwa mwezi, fidia ni 20,000 mara miezi 12 mara miaka 15 mara asilimia 40, yaani 1,440,000. Akishushwa hadi 10,000, ni 720,000.

Mawakili wa kampuni ya bima ya gari husema kwamba asiye na karatasi anaweza kutaja kiasi chochote. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilikataa kwamba hati pekee ndizo huthibitisha mapato, kwani msimamo huo ungewadhulumu Wakenya wengi wasiojua kusoma, wasioweka kumbukumbu, lakini wanaojipatia riziki.

Kinachonitia shaka ni kimbilio la mahakama nyingi: kima cha chini cha mshahara kinachowekwa na serikali. Viwango hivyo hutofautiana kati ya miji mikubwa na maeneo mengine, na kati ya kazi na kazi. Wakili asipothibitisha ufundi wa mteja wake, huenda mteja huyo akahesabiwa kama kibarua tu. Taarifa za M-Pesa husaidia, ingawa huchanganya malipo ya kazi, mikopo na michango ya harusi, kwa hiyo bima ina haki ya kuzihoji. Ushahidi wa msimamizi aliyekuwa akimlipa kila Jumamosi, akihojiwa na pande zote mbili, una uzito zaidi kuliko kiwango cha serikali. Na ni muhimu aitwe mapema, kwa sababu mahakama ya rufaa haibadilishi makadirio ila yawe yamekiuka kanuni, au yawe makubwa au madogo kupita kiasi.