Pikipiki Yangu Haijui Kuachia

Jamani, wenzangu mna pikipiki za kubembeleza ziwake. Mimi yangu naibembeleza inyamaze! Ukivuta resi inaitika vizuri tu, ukiachia haina habari. Inalia "uuuuuu" utadhani umeikanyaga mkia.

Sasa teremka nayo hapa Kigoma kutoka Mwanga kwenda stesheni, na ule mteremko mnaujua. Mbele bajaji, pembeni mama wa dagaa na beseni lake kichwani, nyuma abiria anakugonga bega: "Kaka, tunakimbilia wapi?" Mimi sikimbilii popote, dada! Mwenye safari ni hii! Unashika klachi, ndo kwanza inapiga kelele zaidi, kijiwe kizima kinageuka kumwangalia anayejionyesha ni nani.

Na ukisimama tu, Kigoma nzima mafundi. Huyu anakwambia kabureta, yule badilisha spring. Muuza mihogo naye: "Tia mawese." Mawese! Yale ambayo asubuhi ya kibaridi yanaganda chupani? Yaje yanigandie kwenye waya wa resi niko katikati ya Gungu?

Nikaenda kwa fundi mwenyewe. Kabla hajashika spana akaniuliza, "Meli ya Liemba unaijua?" We, nani Kigoma haijui Liemba? "Basi, Wajerumani waliizamisha 1916, ila injini waliipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, injini bado nzima. Grisi, bwana!" Akashindilia grisi kwenye waya wa resi, akachukua hela yake.

Lakini fundi, Liemba ilikuwa imelala majini, haivutwi wala haiachiwi! Mimi nashinda kwenye vumbi la Ujiji. Vumbi likaikuta ile grisi, vikaoana humo humo ndani ya waya. Resi ikawa hata kwenda inasita, kurudi ndo usiulize.

Nikarudi nimefura. Fundi kaenda kula. Yupo kijana wake, yule wa kutumwa maji. Akaiwasha, akaiacha kwenye silensa, inanguruma taratibu, mkono mbali na resi. Akakata usukani kushoto: uuuuuu! Akaurudisha: kimya. "Mzee, waya umebanwa chini ya tangi. Ukikata kona unajivuta wenyewe."

Akafungua tangi, akaupitisha waya njia yake, akautoa ile grisi kwa petroli. Halafu akadondosha oili nyepesi juu, tone kwa tone, mpaka ikachungulia chini. Akakagua kama nyuzi zimekatika, akaacha mkononi ulegevu wa milimita 3 hivi kabla resi haijashika. Akavuta, akaachia. Ta! Nikamwambia rudia. Ta! Usukani kushoto, ta! Kulia, ta! Nikasahau hata hasira zangu.

Fundi huyo anarudi, kijiti mdomoni. Akavuta resi, akaachia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Si nilikwambia? Grisi huwa inachelewa tu kukolea."

Na hela ya oili akadai yeye.