Punda Aliyejua Kusoma

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alinirudishia kitabu changu cha Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya hadithi ya George Orwell, ambamo wanyama wanamfukuza mwenye shamba, Bwana Jones, kisha nguruwe wanageuka mabwana wapya. Jalada lilishabanduka tangu enzi za marehemu baba. Katikati ya kurasa alikuwa amesahau karatasi ya mwalimu wake wa tuisheni, na mstari wa mwisho umepigiwa kalamu nyekundu mara mbili: "Funzo: uasi hauna faida. Wanyama wangemvumilia Bwana Jones."

Wangemvumilia! Nikaweka kikombe cha chai chini.

"Kwani sivyo, mjomba?" akaniuliza. "Mwishoni si walirudi palepale?"

Nilianza kumjibu, dada akaanza kunitazama vibaya kwa sababu ugali unapoa, nikanyamaza. Kwa hiyo namalizia hapa.

Kwanza, wangevumilia nini? Jones alilewa, akarudi akalala, wanyama wakashinda na njaa mpaka jioni. Ng'ombe mmoja akavunja mlango wa ghala kwa pembe. Huo ndio uasi wenyewe ulivyoanza. Ungetaka ng'ombe aandike barua?

Pili, na hapa ndipo ninapotaka kukaa: siku ileile ya kwanza ya uhuru, ng'ombe wakakamuliwa, zikapatikana ndoo tano za maziwa. Wanyama wakazitazama kwa hamu. Napoleon, mkubwa wa nguruwe, akasimama mbele ya ndoo akawaambia wasijali maziwa, mavuno ndiyo muhimu. Wakaenda kuvuna. Jioni waliporudi, maziwa hayapo. Baadaye yakafuata matofaa, na Squealer, nguruwe msemaji wao, akatumwa kueleza kwamba nguruwe wengi hata hawayapendi, wanayala kwa ajili ya kazi ya ubongo tu, na wasipoyala Jones atarudi. Nani anataka Jones arudi? Hakuna. Basi kuleni, wakubwa.

George Orwell mwenyewe, katika barua aliyomwandikia rafiki yake Mmarekani Desemba 1946, alisema pale kwenye maziwa na matofaa ndipo mambo yalipogeuka, na kama wanyama wengine wangekaza wakati ule, ingekuwa salama. Mwandishi kasema! Uasi wao ulikuwa na kasoro moja kubwa, ulikuwa mfupi. Ulianza jioni, na kufikia jioni ya pili ulikuwa umekwisha, umebaki wimbo na bendera.

Halafu mtazameni Boxer, yule farasi mchapakazi. Watu wanamlilia Boxer, hata mimi nimemlilia, lakini kuna tukio moja ambalo huwa tunalipita haraka. Siku Napoleon anapowaua wanyama kwa tuhuma za usaliti, mbwa watatu wa Napoleon wanamrukia. Boxer anamdaka mmoja hewani na kumkandamiza chini kwa kwato. Yule mbwa analia kuomba huruma, wenzake wawili wanakimbia mikia imefyata. Hebu simameni hapo kidogo. Serikali yote ya shamba lile, vitisho vyote, viko chini ya kwato moja ya farasi. Na Boxer anafanya nini? Anamtazama Napoleon ili aambiwe: amponde au amwachie? Napoleon anabadilika uso, kisha anamwamuru amwachie. Anamwachia. Jioni, baada ya damu yote ile, anasema kosa lazima liko ndani yetu sisi wenyewe, na kwamba kuanzia sasa ataamka mapema zaidi kufanya kazi.

Waswahili tunasema punda afe mzigo ufike. Pale shambani aliyekufa ni farasi. Punda alibaki mzima, na huyo ndiye anayeninyima usingizi.

Punda huyo, Benjamin, alijua kusoma sawasawa na nguruwe yeyote. Amri za shamba zilipokuwa zikibadilishwa ukutani usiku, Clover, farasi jike ambaye herufi zilimshinda kuunganisha, alimwomba amsomee. Akakataa, akasema hataki kujiingiza katika mambo hayo, Clover akaenda kumtafuta mbuzi. Na wasomaji wengi wanampenda huyu punda! Wanamwona mwenye hekima, ameona mengi, hadanganyiki. Ni kweli, hadanganyiki. Siku Boxer anapopakiwa kwenye gari, wanyama wanampungia na kumuaga, ndipo Benjamin anapopandwa na wazimu, anamsukuma mbuzi pembeni na kuwasomea maandishi ubavuni mwa gari: ni la mchinja farasi. Papo hapo farasi wanaolivuta wakaondoka mbio.

Nina sababu ya kumchukia. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katika kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwetu. Daftari la mhazini lilizungushwa kila mwisho wa mwezi, wenzangu wakalitazama kwa heshima na kulipitisha. Mimi nililisoma. Turubai la msiba mmoja limelipiwa mara mbili. Mchele wa msiba mwingine ungelisha harusi. Nikalipitisha nami. Nikajiambia sitaki maneno na watu, na isitoshe mhazini ni jirani, watoto wetu wanacheza pamoja. Kisha mama mmoja akafiwa na mumewe, na kisanduku kikafunguliwa, mlikuwa na pesa ya jeneza tu. Siku hiyo nilisema sana. Nilipaza sauti mpaka nikashikwa mkono. Gari lilishatoka getini.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwalimu ana haki kidogo. Mwisho wa kitabu nguruwe na binadamu wanacheza karata na kuwatofautisha haiwezekani, na tumbo la ng'ombe halijui nani amebadilishana na nani. Lakini kutoka hapo mpaka "wangevumilia" ni safari ndefu, na wameifanya wakubwa kabla yake. T. S. Eliot, mshairi yule, alikikataa kitabu hiki mwaka 1944 kwa niaba ya wachapishaji Faber and Faber. Hoja yake mojawapo: nguruwe ndio wenye akili kuliko wote, kwa hiyo ndio waliofaa kuongoza shamba, kilichohitajika ni nguruwe wenye kujali zaidi maslahi ya umma. Nguruwe waadilifu! Hoja hiyo mimi huisikia kila baada ya miaka mitano, ila hawataji nguruwe.

Katniss, msichana mpiga mishale wa riwaya za The Hunger Games, ambamo watoto hulazimishwa kuuana uwanjani, angalau alielewa. Mshale uliokusudiwa dikteta wa zamani alimpiga nao rais mpya, ambaye alishaanza kupanga watoto wa upande wa pili nao waingizwe uwanjani wauane. Nasi tunaye Karama wa Kusadikika, aliyejitetea siku sita mbele ya mfalme bila kushika hata fimbo, akashinda. Nampenda Karama, ila mfalme wake alisikiliza, na Shaaban Robert hakuficha kwamba nchi hiyo iko hewani.

Kuna jambo moja linaniuma kulikiri. Mwaka 1954 ilitoka filamu ya katuni ya hadithi hii, imetengenezwa Uingereza kwa fedha za siri za CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwisho ukabadilishwa: wanyama wanainuka tena na kuivamia nyumba ya nguruwe. Anayewaongoza ni Benjamin. Majasusi walikuwa na nia zao, na kitabu walikiharibu, lakini walimwelewa yule punda kuliko mwalimu wa tuisheni.

Jana nilimrudishia binti karatasi yake. Chini ya ile kalamu nyekundu nimeandika kwa bluu: "Maziwa yalikwenda wapi?" Dada anasema nitamponza mtoto.