Adapta ya kigari cha mtoto inunuliwe mwisho

Ukiiokota adapta, yaani kipande cha kupachikia kiti cha gari cha mtoto juu ya kigari chake cha kusukuma, kwenye beseni la mtumba pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, imechanganyika na manyanga na vifuniko vya chupa, muuzaji atakwambia, "Dada, hiyo inaingia zote." Haiingii zote. Hakuna inayoingia zote, na neno hilo ndilo linalowatia wazazi hasara: mtu ananunua adapta kwanza kwa kuwa ndiyo rahisi, kisha anazunguka na plastiki mkobani akitafuta kigari cha kuipachika. Sisi tunasema kinyume chake: kiti cha gari kwanza, kigari cha pili, adapta mwisho kabisa.

Kiti tunachokisema ni kile cha mtoto mchanga, chenye mpini kama wa kikapu, ambacho mtoto hukaa akitazama nyuma ya gari. Adapta zake kwa kawaida ni vipande viwili vya plastiki ngumu, cha kushoto na cha kulia. Chini vinaingia kwenye fremu ya kigari, pale kikalio chake kilipokuwa. Juu vinakishika kiti. Mtoto aliyelala anahama kutoka garini hadi kwenye kigari bila kufunguliwa mikanda. Faida yake ni hiyo, haina nyingine. Kama safari zako ni za bajaji na daladala, achana nayo. Mbeleko itakufikisha mbali zaidi, na hela itabaki.

Ugumu ni kwamba kila ncha ya adapta ina mwenyewe. Ncha ya chini inafuata modeli ya kigari, wala si jina la kampuni. Adapta ya Bugaboo Bee haikai kwenye Bugaboo Fox, ingawa zimetoka nyumba moja. UPPAbaby Vista na Cruz za kuanzia 2015 zinaazimana adapta, lakini Minu ya kampuni hiyohiyo ina ya kwake. Ncha ya juu inafuata kiti. Viti vingi vya Maxi-Cosi, Cybex na Nuna vina matundu ya ubavuni yanayofanana, kwa hiyo mara nyingi adapta moja inavihudumia vyote. Graco na Chicco ni ukoo mwingine. Hapo tafuta adapta iliyotajwa kwa jina la kiti chenyewe. Kiti na kigari vilivyouzwa kama seti moja huenda visihitaji adapta yoyote, kwa hiyo jaribu kuvipachika kabla hujatoa hela.

Kwa hiyo kabla ya kwenda sokoni, piga picha vibandiko viwili. Cha kigari mara nyingi kiko kwenye bomba la fremu, karibu na ekseli ya nyuma au chini ya kikapu cha mizigo. Cha kiti kiko mgongoni au ubavuni. Kiti kilichotoka Ulaya kina kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara, na maandishi ya R44 au R129. Hivyo ni viwango vya usalama vya viti vya watoto; R129 ndicho kipya, kilichoanza 2013. Viti vya R44 vilikoma kuuzwa vipya Umoja wa Ulaya Septemba 2024, kwa hiyo usishangae vikijaa kwenye marobota. Kiti chenye R44/04, toleo la mwisho la kiwango hicho cha zamani, bado si kibaya. Tunachokikataa ni kiti kisicho na kibandiko kabisa, na kiti ambacho muuzaji hajui kama kilishapata ajali. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa kwenye plastiki ya chini. Watengenezaji wengi wanaweka ukomo wa miaka 6 hadi 10, kwa sababu plastiki inachoka kwa jua na joto la garini hata kama kitambaa bado kinang'aa.

Sasa adapta yenyewe. Ishike mkononi, ielekeze kwenye mwanga, ikunje kidogo kwa vidole. Mstari mweupe kwenye plastiki nyeusi, hasa pale shingo inapokutana na ulimi wa kufungia, ni ufa ulioanza. Iache. Bonyeza kitufe mara kumi: kirudi chenyewe kila mara, kwa nguvu ileile. Kikirudi kivivu, springi imelegea au ndani mna mchanga. Halafu tazama alama za L (kushoto) na R (kulia). Beseni la mtumba lina tabia ya kukupa kushoto mbili, na kushoto mbili hazifanyi jozi hata ukizilazimisha kwa nyundo.

Ukizipata, usimjaribu mtoto kwanza. Jaribu mchele. Weka mifuko miwili ya kilo tano ya mchele wa Kyela kwenye kiti na uifunge mikanda. Funga breki ya kigari. Ingiza adapta zote mbili mpaka kila moja ilie "ka!", kisha vuta kila moja juu peke yake. Teremsha kiti wima, usikiingize upande mmoja kisha mwingine. Usikie mlio kushoto na kulia. Baadhi ya viti vina kidirisha kinachogeuka kijani, lakini kidirisha kisikutoshe. Shika mpini wa kiti uunyanyue mpaka magurudumu ya mbele yaachane na ardhi. Upande uliodanganya utachomoka hapo hapo, na bora uchomoke na mchele.

Kosa linalojitokeza sana ni hilo la upande mmoja kushika na mwingine kukaa juu juu. Kwa macho kiti kinaonekana kimetulia, ila ukikitazama kutoka nyuma kimelala upande kidogo, kama kofia iliyovaliwa kishikaji. Sababu huwa ni vumbi lililoganda kwenye tundu la fremu, au fremu iliyopinda kwa kubanwa chini ya mizigo. Vumbi lina dawa: mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu, basi. Usipake grisi wala mafuta ya kula. Miezi ya Julai hadi Oktoba vumbi la barabarani likinata kwenye mafuta hayo litakutengenezea simenti humo ndani. Fremu iliyopinda haina dawa. Na hapa tuseme wazi: fundi anayekuambia ataichonga adapta kwa grindi, au atakifunga kiti kwa waya wa kufungia nondo, anakutengenezea ajali kwa bei nafuu.

Huku kwetu kuna jambo ambalo kitabu cha maelekezo hakilijui. Adapta inampandisha mtoto juu kuliko kikalio cha kawaida, na uzito ukipanda, kigari kinapinduka upesi. Kiti kitupu pekee kina kilo tatu hadi nne na zaidi. Kwenye mteremko wa kushuka kutoka Gangilonga, Iringa, au vichochoro vya Mbeya vinavyopanda kuelekea mlima Loleza, usitundike mkoba wa nepi kwenye mpini wa kusukumia. Mzigo ukae kwenye kikapu cha chini. Kiti kipachikwe mtoto akikutazama wewe, isipokuwa kitabu cha kigari chako kinaruhusu vingine. Kwenye changarawe funga magurudumu ya mbele yasizunguke. Kama magurudumu yenyewe ni madogo kama kisosi, hicho ni kigari cha sakafu za Dar es Salaam.

Halafu baridi. Juni na Julai mtoto wa Mbeya au Njombe anavalishwa koti nene, anafungwa mikanda juu ya koti, na kila mtu anaona amebanwa vizuri. Koti likibonyea, mkanda umelegea. Mvalishe nguo za kawaida, kaza mkanda mpaka usiweze kuufinya ukakunjika kwenye bega, halafu ndipo blanketi lije juu ya mikanda.

Lawama yetu kubwa kwa adapta ni ileile sifa yake: haimwamshi mtoto. Umetoka Tunduma, foleni ya malori imekula saa mbili, mtoto bado amelala. Unakipachika kiti kwenye kigari na kuingia sokoni saa nyingine nzima. Mtoto mchanga aliyelala amejikunja, kidevu kikigusa kifua, anaweza kubanwa njia ya hewa. Saa mbili kwenye kiti ndiyo kikomo kinachotajwa kwa kawaida, na mwenye wiki chache anahitaji pungufu ya hapo. Saa za garini na za kwenye kigari zihesabiwe pamoja. Mtoe, mlaze chali mahali tambarare, alie kidogo. Atalala tena.

Kilele cha kichwa kikifika ukingo wa juu wa kiti, au uzito ukifika kikomo kilichoandikwa kwenye kibandiko (kilo 13 kwa viti vingi vya aina hii), kazi ya adapta imekwisha. Zichomoe zote mbili, zifunge pamoja kwa mpira wa nywele, na uandike kwa kalamu ya wino mzito jina la kigari na la kiti. Zitaishia kwenye beseni la mtu.