Ultrasaundi ya kiganjani: picha tunayo, rufaa je?

Mkunga wa zahanati amezoea kukadiria umri wa mimba kwa futi ya kupimia tumbo na tarehe ya hedhi ya mwisho, ambayo akina mama wengi hawaikumbuki. Sasa anaweza kuchomeka kwenye simu kifaa cha ultrasaundi kinachoenea kiganjani, akapaka jeli, akaona pale pale kama ni mapacha, kama mtoto amelala kingamo au kondo la nyuma limeziba njia. Butterfly iQ, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, iliingia sokoni kwa takriban dola 2,000. Mashine kubwa za hospitali ni makumi ya maelfu.

Wanaovishangilia vifaa hivi wana hoja nzito. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe picha walau mara moja kabla ya wiki ya 24, na huko vijijini ukisema umsubiri mtaalamu, utasubiri sana. Hata utaalamu wenyewe unaanza kupata mbadala. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliofanyika Lusaka na North Carolina: watu wasio na ujuzi walipitisha kifaa tumboni kama walivyoelekezwa, akili mnemba ikakadiria umri wa mimba kwa usahihi unaolingana na wa mtaalamu. Si jambo dogo, maana umri huo ndio unaoamua kama mama mwenye uchungu wa mapema apewe sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto.

Upande wa pili kuna First Look, utafiti ambao kwenye vipeperushi vya wauzaji usitarajie kuukuta. Ulifanyika Kongo, Kenya, Zambia, Pakistani na Guatemala, matokeo yakatoka 2018. Vituo vilipewa mashine, wahudumu wakafundishwa, wenye matatizo wakaandikiwa rufaa. Mwishowe vifo havikupungua, si vya akina mama wala vya watoto wachanga, na waliojifungulia hospitali hawakuongezeka kuliko kwenye maeneo yasiyo na mashine.

Kifaa hakina kosa hapo. Kondo likionekana limetangulia, kinachomwokoa mama ni chumba cha upasuaji, chupa za damu na gari la wagonjwa lenye mafuta saa nane usiku. Hapo sijagusa ada ya programu ya kuendeshea kifaa inayolipwa kila mwaka, ambayo mfadhili akishaondoka inabaki mezani kwa mganga mkuu wa wilaya.

Ningepewa mimi kuvigawa, ningeanza na vituo ambavyo hospitali ya upasuaji haiko mbali. Zahanati za pembezoni, zinazopendeza sana kwenye picha za wafadhili, zingesubiri, isipokuwa zile ambazo akina mama wake wana nyumba ya kusubiria kujifungua karibu na hospitali. Mama wa huko akijua mapema kuwa ana mapacha, ana wiki kadhaa za kutafuta nauli.